Kizibao na Kura ya Sebuleni

Mume wa dada yangu ana jina lake la cheti, lakini mtaa mzima unamwita Kizibao, na mimi sioni kwa nini nimpe heshima ambayo mtaa umemnyima. Jina hilo alilipata kwa sababu ya kizibao cha Tume ya Uchaguzi, kile chenye mistari inayong'aa na maandishi makubwa mgongoni, alichopewa mwaka alipoandikisha wapiga kura kwa mara ya kwanza. Wenzake kazi ilipokwisha walivigeuza vyao matambara ya kufutia baiskeli. Yeye cha kwake alikipiga pasi. Alikivaa sokoni, alikivaa msibani, na siku moja nilimkuta amekivaa huku ananyoa ndevu mbele ya kioo, peke yake nyumba nzima, sijui alikuwa anamsimamia nani.

Kabla ya hapo alikuwa karani wa muda kwenye ghala la mbolea, kijana mwembamba mwenye mwandiko mzuri na shingo ndefu. Siku dada yangu alipomleta nyumbani, Baba, ambaye alikuwa fundi mwashi na mtu wa maneno machache, alimtazama viganja kwanza, kisha akamuuliza anajua kufanya nini. "Najua kuandika, baba," akajibu. Baba akasema kuandika ni jambo jema, halafu akamwomba awapelekee ndoo ya maji vibarua waliokuwa nyuma ya nyumba. Maji yalifika nusu, nusu nyingine ikawa kwenye suruali yake. Mama alicheka mpaka akaketi chini, akamletea taulo. Mama ni mtu wa kumpenda yeyote anayeaibika mbele yake, na hilo ndilo kosa lake kubwa.

Ghala likafungwa. Dada yangu, ambaye ni msusi, akawa ndiye baba na mama wa nyumba yao, anasuka vichwa vya watu barazani tangu asubuhi huku bwana mkubwa akisoma magazeti ya juzi. Ndipo Tume ikatangaza nafasi za muda za waandikishaji. Aliomba, akapata, na tangu siku ile maisha yake yamegawanyika sehemu mbili: miaka ya uchaguzi na miaka ya kungoja uchaguzi. Ile ya kungoja ndiyo mingi, nanyi mnajua nani anaibeba.

Ukimkuta mezani, huna haja ya redio. "Watu wanadhani Tume kazi yake ni kuleta masanduku tu," atakuambia, kijiko kimesimama hewani. "Tume ndiyo inayotunza daftari la wapiga kura. Tume ndiyo inayopokea majina ya wagombea. Tume ndiyo inayotoa elimu ya mpiga kura, inayochapa karatasi, inayoteua wasimamizi wa vituo, inayohesabu, inayotangaza. Bila Tume nchi hii ni ngumi mkononi."

"Na sabuni iliyoisha jana inaletwa na Tume ipi?" dada atamuuliza.

Atatabasamu kwa upole, kama mwalimu aliyeulizwa swali nje ya somo, ataendelea.

Ila kitu alichokipenda kuliko vyote, kuliko hata kile kizibao, ni neno moja walilomfundisha kwenye semina. Mtumishi wa Tume haegemei upande. Alilichukua neno hilo akalileta nyumbani akalitandika chumbani, sebuleni na jikoni. Mwenye nyumba alipowafungia choo kwa kisingizio cha ugomvi wa maji, Kizibao alisema kila upande una hoja zake. Binti yao alipoumwa na mbwa wa jirani, dada alitoka na mchi mkononi, naye akamzuia mlangoni: "Tulia kwanza, mke wangu. Tumsikilize na mwenye mbwa." Mtoto damu inamtoka mguuni, baba yake anasikiliza pande mbili. Mimi niliyekuwa nimeketi pale na cherehani yangu niliwaza, huyu mtu hajakosa upande wa kuegemea, amekosa uti wa mgongo, na Tume imempa jina zuri la kuuitia ugonjwa wake.

Sasa msiseme nina chuki binafsi. Chuki ninayo, lakini macho pia ninayo, na kuna siku moja macho yangu yalimwona akisimama kama mwanamume.

Ilikuwa uchaguzi mkuu, na walimpa kituo cha kwenye shule ya msingi iliyo karibu na kiwanda cha mbao. Mwenye kiwanda alikuwa na mgombea wake. Aliwaambia vibarua wake kila mmoja aweke alama kwa mgombea huyo, kisha aandike pembeni herufi za jina lake, ili wakala wa chama atakayeketi wakati wa kuhesabu aone nani katii na nani kakaidi. Asiyeonekana, Jumatatu asirudi kazini. Jioni kura zilipomwagwa mezani, sisi tuliochungulia madirishani tukawaona Kizibao na wakala wakivutana kwa maneno. Karatasi moja baada ya nyingine, Kizibao anaiinua, anaionyesha, anasema, "Imeharibika. Karatasi inayomtaja mpiga kura haihesabiwi." Wakala alipiga meza. Alimwita majina. Alimwambia anamjua anakoishi. Magoti ya shemeji yangu yalikuwa yanacheza ndani ya suruali, tuliyaona wote, lakini mdomo haukubadilika: imeharibika, imeharibika, imeharibika.

Njiani tukirudi alinieleza, jasho bado halijamkauka. "Ile sheria si ya kumkomoa mnyonge, shemeji. Ni ya kumficha. Mkubwa akijua hawezi kuiona kura ya mtu, hatakuwa na sababu ya kumtisha."

Nilimwambia umefanya vema, na nilikuwa namaanisha. Siku ile nilimnunulia soda kwa mkono wangu mwenyewe. Ndiyo maana yaliyofuata siwezi kuyaita ujinga. Mjinga hajui sheria ni ya nini, na huyu alijua.

Baba alifariki msimu wa mvua. Aliacha nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, vyumba vinne na kibaraza, kila tofali alilichagua mwenyewe, na ukuta wa jikoni aliubomoa mara mbili kwa sababu Mama alisema dirisha liko juu mno. Hakuacha neno lolote la maandishi. Alidhani, maskini, kwamba watoto wake ni watoto wake.

Kaka yetu mkubwa tunamwita Nondo kwa sababu ya duka lake la vifaa vya ujenzi. Duka lilikuwa linakufa, na arobaini haijafika Nondo akaanza kusema nyumba ni kubwa mno kwa mtu mmoja, Mama anapata tabu kufagia, afadhali iuzwe kila mtu apate chake, Mama yeye atampa chumba kwake, tena chenye feni. Kaka wa pili, ambaye ni dereva wa lori, akakubali kabla sentensi haijaisha. Mdogo wetu wa kiume, kitinda mimba, ambaye hufuata upepo unakoelekea, akakubali. Mimi nilikataa. Dada alikataa. Mama alisema kitu kimoja tu: "Mimi nitatoka humu nikiwa nimelala."

Tulimshauri aende mahakamani. Mwanasheria mmoja niliyemshonea suti alisema kesi ile angeishinda asubuhi kabla ya chai. Mama akagoma katakata. Alisema hawezi kusimama mbele ya hakimu kuwashtaki watoto aliowazaa, aibu hiyo atampelekea nani. Basi tukaitisha kikao cha familia, mwenyekiti akiwa Baba Mdogo, mdogo wake marehemu. Tulipiga kelele mchana kutwa hadi Baba Mdogo akashika kichwa. Ndipo shemeji yangu, aliyekuwa kwenye kona yake, akasimama akavuta kizibao chini kikae sawa.

"Kwa heshima na taadhima," akasema, "napendekeza jambo hili liamuliwe kwa kura ya siri."

Baba Mdogo alikuwa amechoka, akalipokea pendekezo kama mtu aliyerushiwa kamba kisimani. Wakakubaliana: watakaopiga kura ni Mama na watoto wake wa kuzaa, wakwe na wake za watu watulie. Kura za kuuza zikizidi, nyumba iuzwe. Zikilingana, nyumba ibaki ilivyo. Msimamizi ni Kizibao, kwa kuwa ni mkwe, hana kura, na ana uzoefu.

Mimi nilihesabu palepale kwa vidole chini ya khanga. Wanaume watatu. Mama, dada na mimi, watatu. Zinalingana, nyumba inabaki. Nilitaka kuruka. Nondo alikubali kwa sababu alijidanganya kwamba dada yuko mfukoni mwake: alikuwa amekwenda kumwahidi kiti kipya cha saluni na kioo kirefu, na dada akamwitikia "nimekusikia, kaka." Kumsikia alimsikia kweli. Hapo nikakubali kwamba kura ya siri ina faida zake, maana usoni unamchekea mtu, na kwenye karatasi unamwambia ukweli.

Wiki iliyofuata nyumba ya marehemu ikageuka makao makuu ya Tume. Kizibao alikata sanduku la viatu likapata tundu juu, akaligandisha kwa utepe, akadondoshea nta ya mshumaa kila pembe akasema ni lakiri. Alibandika daftari la wapiga kura kwenye mlango wa jikoni, majina sita, akatoa muda wa kuweka pingamizi. Mama akienda kuchukua sufuria anakuta jina lake mlangoni. "Mkwe, hivi mimi ninahakikiwa nyumbani kwangu?" aliuliza. Akajibiwa kwamba ni utaratibu tu, mama, usijali.

Jumapili ikafika. Alining'iniza shuka kwenye ujia wa kwenda vyumbani, nyuma yake akaweka meza ya kupigia pasi na kalamu iliyofungwa kwa uzi, kikawa kituturi, ndiyo kile kibanda cha kupigia kura bila kuonekana. Wino usiofutika hakuwa nao, akachukua rangi ya kucha ya dada, nyekundu iliyokoza. Ukitaka kucheka hadi mbavu zikuume, umwone Nondo, mtu wa kupakia saruji, amenyoosha kidole kidogo anapakwa rangi ya kucha huku amekunja uso. Dereva alikataa, akaambiwa bila alama hakuna kura, akatoa kidole.

Kabla hatujaanza Kizibao alitoa hotuba. Alitueleza karatasi ina visanduku viwili, "Iuzwe" na "Isiuzwe", weka alama ya vema kwenye kimoja tu, kunja, tumbukiza, usionyeshe mtu. Alisema na mengine mengi, kuhusu amani na utulivu, na kuhusu kutokukusanyika kwa makundi karibu na kituo. Kituo chenyewe kilikuwa sebule, na kundi lilikuwa sisi.

Tukapiga. Nondo alitoka nyuma ya shuka akipepesa jicho kwa dada. Dada alitoka macho makavu. Mimi niliweka vema kubwa hadi kalamu ikatoboa. Mama aliingia mwisho, akakaa kidogo, tukamsikia akikohoa. Alitoka ameikunja karatasi vizuri kama anavyokunja kila kitu, pembe kwa pembe, akaitumbukiza, akarudi kwenye kiti chake akaweka mikono mapajani.

Kuhesabu kukaanza. Kizibao alivunja nta, akafungua sanduku, akamwaga karatasi mezani, akatuonyesha limebaki tupu. Akainua ya kwanza. "Iuzwe." Ya pili. "Isiuzwe." Ya tatu ilikuwa yangu, ile yenye tundu. "Isiuzwe." Nondo akaiona ile ya Mama, ya pembe kwa pembe, bado imekunjwa mezani, akamgeukia dada, akaanza kuelewa kwamba kioo kirefu kimekataliwa. "Iuzwe." "Iuzwe." Tatu kwa mbili, imebaki moja, na sote tulijua ni ya nani. Nilikwisha kuvuta pumzi ya kupiga kigelegele.

Akaifungua, akaitazama. Akaendelea kuitazama. Kisha akaigeuza ili tuone wote, kama alivyofundishwa. Alama ya vema ilikuwa ndani ya "Isiuzwe", nzuri, haikugusa mstari. Na chini yake, kwa mwandiko wa duara, Mama alikuwa ametia sahihi yake.

Mama alifanya kazi kwenye dobi la hospitali hadi alipostaafu. Kila furushi la mashuka lilipokwenda wodini alitia sahihi, liliporudi alitia sahihi. Karatasi isiyo na sahihi maana yake ni mashuka yamepotea na wewe ndiye mwizi. Ukimpa Mama karatasi yoyote na kalamu, hata ya dawa, ataitia sahihi. Mkono wake hauulizi.

"Nimetia sahihi isije ikapotea," alisema alipoona tunamtazama.

"Kura hii," Kizibao akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya kituoni, "imeharibika."

Nilidhani anatania. Wallahi nilidhani anatania, nikacheka. Nilipoona hacheki nikasimama.

"Imeharibika vipi? Vema si ile pale?"

"Karatasi inayomtaja mpiga kura haihesabiwi, shemeji. Unakumbuka mwenyewe kule shuleni."

Baba Mdogo alijaribu kuingia katikati. "Lakini mwanangu, sote hapa tunajua ni ya shemeji yangu."

"Ndiyo tatizo lenyewe, baba. Tunajua."

"Na anachokitaka hakieleweki?"

"Kinaeleweka kabisa," akasema Kizibao. Alilisema hilo bila kuona haya hata chembe. "Ingekuwa hakieleweki, msimamizi angekuwa na nafasi ya kuamua. Hapa sina nafasi."

Nondo mwanzoni alishangaa kuliko sisi. Alikuwa ameshakunja uso wa kushindwa, na sasa anaona mlango unafunguliwa na mtu ambaye hakumlipa hata soda. Akakohoa. "Sheria ni sheria," akasema. Dereva akatikisa kichwa kukubali. Kitinda mimba alitazama sakafu, na alikuwa na haki ya kuitazama, maana ni Baba aliyeisakafia.

Nikamwendea Kizibao hadi puani. Nikamwambia sheria ile uliniambia mwenyewe imewekwa kumficha mnyonge asionekane na mkubwa. Hapa mkubwa ni nani na mnyonge ni nani? Mama anafichwa asionekane na nani, na watoto wake wamekaa mbele yake wanamtazama? Nikamwambia sheria ile ni mwavuli, na wewe unampigia nao mtu kichwani. Nilimwambia na mengine ambayo sitayaandika, kwa kuwa mashati ya watu bado naletewa nishone.

"Mume wangu," dada akasema kutoka alipoketi. "Nitazame."

Hakumtazama. Alikuwa anatafuta bahasha.

Nilichokiona usoni mwake sijakisahau, na ndicho kinachonifanya nimdharau kuliko Nondo. Nondo alikuwa mchoyo, na uchoyo naujua, nimeuona kwa wateja wangu wote wanaodai mabaki ya kitambaa. Lakini huyu alikuwa na furaha. Alikuwa amepata, sebuleni kwetu, kura iliyoharibika ya kweli, kama zile za semina, na alikuwa anaishughulikia vizuri. Kule shuleni magoti yalimcheza kwa sababu kulikuwa na mtu wa kumwogopa. Kwetu hakukuwa na wa kumwogopa. Kulikuwa na bibi mmoja mwenye mikono mapajani.

Mama akanyoosha mkono. "Basi mkwe, nipe karatasi nyingine nirudie. Safari hii sitatia sahihi."

Aliinama mbele yake kwa adabu zote. "Ungesema kabla ya kuitumbukiza, mama, ningekupa nyingine, ni haki yako. Ikishaingia sandukuni, basi."

Mama akasema, "Aa." Hivyo tu, kama mtu aliyeelezwa kwamba duka limefungwa.

Kisha Kizibao akasimama wima, akasoma. Kwa mamlaka aliyopewa na kikao, kura zilizopigwa sita, halali tano, iliyoharibika moja, "Iuzwe" tatu, "Isiuzwe" mbili. Akatangaza kwamba nyumba itauzwa. Akawashukuru wapiga kura kwa utulivu waliouonyesha. Baba Mdogo alitoka nje bila kufunga kikao, na mpaka leo hajamsalimia yeyote kati ya wale watatu. Lakini neno lake la kuzuia hakulisema, na hilo nalo nalikumbuka.

Aliyenunua nyumba ni mfamasia. Kitu cha kwanza alichofanya ni kubomoa ukuta wa mbele atengeneze duka la dawa, na dirisha la jikoni akaliziba kwa matofali. Chumba chenye feni hakikupatikana. Siku tulipompeleka Mama kwa Nondo na mabegi yake tulikuta chumba kimejaa mifuko ya saruji, na mke wa Nondo akatuambia subirini kidogo, mzigo utatoka mwezi ujao. Mama alisema hana haraka. Mimi nilikuwa na haraka. Nilimgeuza palepale nikamleta kwangu, chumba nyuma ya duka langu la kushonea. Yeye analala kitandani, mimi nalala juu ya marobota ya vitambaa. Asubuhi anaamka kabla yangu anafagia vipande vya nguo sakafuni, halafu hana tena cha kufagia, anaketi mlangoni. Wateja wanamwamkia, anaitika. Hajawahi kulalamika, na ningeshukuru kama angelalamika.

Dada hakumwacha mumewe. Nilimwambia amwache, akaniambia, "Nitamwacha, nimwachie nani? Nani mwingine atambeba?" Anasuka watu barazani kama zamani, anamlisha, ila akianza habari za Tume mezani dada hunyanyuka akaenda kuosha vyombo. Yeye huendelea kuongea na kiti. Na msidhani anajuta. Nimemsikia kwa masikio yangu akimsimulia fundi viatu kwamba amewahi kusimamia hata uchaguzi wa ukweni, tena wenye mvutano mkali, na hakuyumba.

Mwaka huu Tume imetangaza kuboresha daftari. Aliyehama aende akabadilishe kituo, asije siku ya uchaguzi akakuta jina lake liko kwingine. Mama, ambaye hajawahi kukosa kupiga kura tangu awe na haki hiyo, alivaa viatu vyake vya kutokea, akaniambia tuondoke mapema kabla foleni haijawa ndefu. Nilimkumbusha nani atakuwa ameketi kwenye ile meza. Akasema meza si ya kwake, ni ya nchi.

Alikuwapo, amevaa kizibao kipya. Mashine mbele yake, kamera pembeni, na fomu mezani. Mama alikuwa mbele yangu. Alimwamkia Mama vizuri, akamwomba aketi, akamuuliza jina. Jina la mama mzazi wa mke wake aliliuliza, akaliandika herufi kwa herufi. Akauliza makazi ya zamani, Mama akamtajia mtaa wetu. Akauliza makazi ya sasa, Mama akamtajia duka langu.

"Sababu ya kuhama?" akauliza.

Mama alimtazama. "Mkwe, sababu unaijua."

"Nauliza kilichoandikwa hapa, mama. Kuna ndoa, kuna kazi, kuna masomo, kuna nyinginezo."

"Basi andika," Mama akasema taratibu, kwa sauti ambayo foleni yote iliisikia, "andika kwamba nilitia sahihi kwenye kura yangu."

Nilimwona akisimamisha kalamu. Nikasema moyoni sasa, sasa ndipo patakapomuuma. Aliinamia fomu, akaipitisha kalamu juu hadi chini kwa makini, mstari kwa mstari, akitafuta kwa dhati mahali pa kuliweka neno hilo.

"Hapana nafasi ya maelezo, mama," akasema mwishowe. Akatia vema kwenye "Nyinginezo", akampa Mama kadi yake mpya kwa mikono miwili, akainua shingo yake ndefu kuita anayefuata.